Meli Iliyofika Siku ya Kwanza

Nilikwenda kisiwani kwa sababu nilisifiwa. Ndugu zangu mliobaki Karagwe mnaniuliza kwenye simu nilifuata nini katika meli ya jeshi, mimi mwalimu wa Kiswahili wa hapa Gisenyi ambaye hata kuogelea sijui, na jibu ni hilo tu. Bwana mmoja alifika shuleni kwetu na gari refu, akasema amesikia Kiswahili changu ni cha Tanzania, safi, hakijachanganywa na chochote. Kichwa kikavimba hapo hapo, nikamfuata.

Bwana huyo alikuwa mratibu wa kamati, na hapa nitamwita Mratibu, kwa kuwa alipenda sana kuitwa hivyo. Kamati yake iliundwa baada ya ule mlima wa upande wa Kongo kutema majivu kwa wiki nzima. Upepo uliyabeba majivu ukayamwaga juu ya kisiwa kidogo kilicho mbele ya Nyamyumba, kusini mwa mji wetu. Wenyeji hawakuhangaika kukitafutia jina. Wanakiita Kirwa, neno la Kinyarwanda lenye maana ya kisiwa, basi. Majivu yakaingia kwenye matangi ya maji ya mvua, yakafunika maharage, na mbuzi waliokula majani wakaanza kutoa mapovu. Kisha bondeni nyuma ya nyumba kukaanza kutoka mazuku, ile hewa nzito inayotambaa chini bila harufu na kuua kila kinachopumulia chini. Asubuhi moja watu walikuta kondoo wanne wamelala bondeni kana kwamba wanapumzika. Kamati ikaamua kisiwa kizima kihamishwe kwa meli ya askari wa majini.

Mratibu alivaa kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu alivyokuwa navyo. Alikulia Kampala, na Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, lakini hilo halikumzuia kutoa amri.

"Mwalimu," aliniambia, "hii ni issue ya kanda nzima. Wavuvi wanatoka pande zote za ziwa. Nataka tangazo la Kiswahili sanifu, official."

Niliandika jioni moja, nikijilamba midomo. Nikatia "wakaazi mnaarifiwa", nikatia "bila kukosa". Meli itafika Jumatatu ijayo, saa mbili kamili asubuhi. Kila mkaazi awe ufukweni na mzigo usiozidi kilo ishirini. Kuanzia siku hiyo ziwa limefungwa, na mtumbwi wowote utakaoonekana majini utachukuliwa. Tarehe hatukuweka, kwa sababu Mratibu alitaka karatasi zichapwe kabla hajajua meli itapatikana wiki gani. Zikapigwa muhuri mkubwa wa bluu, zikapelekwa Kirwa siku ya Alhamisi. Nilibaki na nakala moja, nikaibandika ukutani nyumbani. Ndiyo, ukutani.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, nilipanda pikipiki Gisenyi kwenda Nyamyumba. Dereva alilalamika njia nzima kwamba majivu yanamharibia mashine, nami nilikuwa nikimjibu kwa sentensi ndefu za kitabuni ili ajue amembeba mtu wa kamati. Aliniacha bandarini karibu na chemchemi za maji moto, akaondoka bila kuaga.

Mkisikia meli ya jeshi, msiwaze makubwa. Ilikuwa chombo cha chuma cha rangi ya kijivu, urefu wake kama mabasi mawili, kikinuka dizeli na viazi vilivyochemshwa. Kapteni wake, mtu mwembamba asiye na maneno, kila mmoja alimwita Afande. Alitukagua kwa macho, Mratibu na mimi, akatuonyesha mahali pa kukaa, karibu na kamba.

Saa mbili kasoro dakika kumi tukafika Kirwa. Ufuko ulikuwa mtupu. Yaani hapakuwa na mzigo hata mmoja wala mtu aliyesimama kutusubiri. Juu kidogo nyumba zilikuwa zinatoa moshi wa maharage, nguo zimeanikwa, na mwanamke mmoja alikuwa akitandaza sambaza juu ya wavu wakauke, vile visamaki vidogo ambavyo watu wa ziwa hili huishi kwavyo.

Mratibu akashika kipaza sauti akaanza kuwafokea watu waliokuwa hatua ishirini mbele yake. Wakatoka mmoja mmoja, wanashangaa, mwingine bado na povu la sabuni shingoni.

"Unaona, Mwalimu?" Mratibu akanigeukia. "Watu stubborn."

"Hawasomi," nikamwambia. "Ukiwaandikia, karatasi wanafungia chumvi."

Nilisema hivyo kwa sauti, na kwa furaha. Mwanamke wa sambaza akaja hadi kwenye maji. Aliitwa Mama Espe, na binti yake Espe, wa miaka saba hivi, alikuwa ameshika kitenge chake kwa nyuma.

"Muko munafanya nini hapa leo?" akauliza.

"Tumekuja kuwachukua, mama. Karatasi mlipewa."

"Tulipewa. Mi mwenyewe niliwasomea batu. Lakini siyo leo."

"Ni leo. Jumatatu."

"Ndiyo, Mwalimu. Juma ya tatu, siku ya tatu. Leo iko siku ya kwanza." Akanitazama kama anayemsaidia mgonjwa. "Bwana yangu na wenzake munane walienda ku maji jana, misa ilipokwisha. Beko kule chini kabisa, kwenye majivu hayakuanguka. Batarudi kesho mangaribi, ili siku ya tatu tukuwe bote tayari."

Ndugu zangu, nyinyi huko hamwezi kuelewa mpaka niwaeleze. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili cha Tanzania tunaanza kuhesabu Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu inatufikia ikiwa ya tatu bila sisi kujiuliza kitu. Hapa wiki inaanza Jumatatu. Kwa Kinyarwanda ni ku wa mbere, yaani siku ya kwanza, na kwa Kiswahili cha Kongo vilevile ni siku ya kwanza. Siku ya tatu ni Jumatano. Mtu wa hapa ukimwandikia Jumatatu, anaona tatu, anakuja Jumatano.

Na hili nililijua! Kila mwaka wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanakosea hivyo hivyo, na kila mwaka nawakata alama na kuwasomea makosa yao mbele ya darasa ili wenzao wacheke. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na saba. Nilipokaa kuandika tangazo halikunijia hata kidogo, maana sikuwa nikiwaandikia wao. Nilikuwa namwandikia Mratibu.

"Anasema nini?" Mratibu akauliza.

"Anasema mume wake hayupo," nikamjibu.

Hilo tu ndilo nililosema. Nilimeza mengine yote.

Tukaanza kuwapakia watu. Sitawaambia ilikuwa kazi ya kishujaa. Askari walibeba wazee migongoni, walipanga watoto, walimkuta bibi mmoja anataka kupanda na jiwe lake la kusagia wakampandisha nalo bila kulipima. Mratibu alisimama pembeni akipiga picha. Mimi nilipewa kazi ya kufungua mabomba ya matangi ili maji yenye majivu yamwagike, asibaki mtu wa kuyanywa. Tangi la Mama Espe nililifungua mwenyewe. Yalitoka maji ya kijivu, yakapita chini ya wavu wake wa sambaza, yakaingia ziwani.

Yeye alikataa kupanda. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mtoto mapajani.

"Nikienda, banarudi kesho banakuta nani? Ziwa mumefunga. Wakitoka, munanyanganya mitumbwi. Wakibaki, mazuku. Juu ya nini musingoje siku mbili?"

Simu hazikusaidia. Mumewe alikuwa amemwachia yake isije ikaanguka majini, na za wenzake zilikuwa zimekufa tangu majivu yafunike vile vibao vya jua vya kuchajia.

Afande alikuja akachuchumaa mbele yake. "Mama," akasema taratibu, "bonde liko pale. Mutoto hatalala hapa leo. We ukikataa, nitamubeba yeye peke yake, na sitaki kufanya vile."

Akapanda. Alipopita mbele yangu hakuniangalia.

Saa sita mchana, katikati ya maji, Mratibu akanipa daftari niandike ripoti, kwa sababu ya kile Kiswahili changu safi. Alitamka, nami nikapamba. Aliposema wanaume tisa hawakuja, mimi niliandika hivi: wanaume tisa walikaidi amri halali ya kuhama. Neno halali lilikuwa langu. Nililiongeza bila kuombwa. Mratibu alisoma, akanipiga begani, akasema hakuna mwingine angeweza kuandika vile, na ni kweli.

Saa nane tulishuka Nyamyumba, tukawapeleka watu kwenye shule moja iliyofungwa kwa ajili yao. Kulikuwa na magodoro, uji, na meza ndefu ya kuandikisha majina. Mratibu akakaa mezani akatangaza utaratibu: aliyehama atapewa kiwanja na chakula cha kuanzia, aliyekaidi hana chake, na meli haitarudi kwa ajili ya watu wenye vichwa vigumu. Zamu ya Mama Espe ilipofika, akataja jina lake, la mtoto na la mumewe. Mratibu akaandika mawili, la tatu akalipeleka upande mwingine wa karatasi, wa waliokaidi.

"Hapana!" Mama Espe akasema. "Hakukataa, huyo. Iko anatafuta sambaza. Alishika ile karatasi yenu, alihesabu siku na vidole." Kisha akanigeukia, na watu wote kwenye foleni wakanigeukia. "Mwalimu, we unajua. Ulinisikia pale ku maji, na nikakuona uso. Waambie."

"Tutaangalia, mama," nikasema.

Tutaangalia! Mtu anaulizwa kuhusu uhai wa watu tisa, anajibu kama karani anayetaka kwenda kula. Nilirudi Gisenyi na pikipiki nyingine, na safari hii dereva ndiye aliyezungumza peke yake.

Jumanne asubuhi nilikuwa darasani. Nikaandika siku ubaoni kama kawaida, kisha nikashusha chaki. Jumanne. Nne. Nusu ya watoto mbele yangu walikuwa wanaona Alhamisi, na mimi ndiye niliyewafundisha kuinyamazia akili yao na kuogopa alama zangu. Nikawapa kazi ya kusoma kimya, nikatoka.

Saa tano nilimkuta Mratibu kwenye hoteli moja kando ya ziwa, anakula brosheti, ile mishikaki ya mbuzi, na ndizi za kuchoma. Nikamweleza yote, bila mapambo.

"Kwa hiyo ni spelling?" akauliza.

"Si spelling. Ni siku. Niliwaambia siku ambayo kwao ni nyingine. Jioni hii wanaume tisa wanarudi kisiwani wakiwa hawajui kitu, na maji ya kunywa tumeyamwaga."

"Mwalimu, report imeshaenda." Alifuta vidole kimoja kimoja. "Nikiibadilisha, wakubwa watauliza nani alikosea. Watauliza mimi, kisha watauliza wewe. Unataka hivyo? Plan ni plan."

Nilimdharau kabisa. Nilikuwa nimeshatoka getini ndipo nikatambua kwamba sentensi ile ya watauliza nani alikosea, neno kwa neno, ndiyo niliyojiambia mimi mwenyewe pale Kirwa. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa anakula.

Saa tisa alasiri nikawa bandarini Nyamyumba. Afande alikuwa akikagua injini. Nikampa nakala ya tangazo niliyoibandua ukutani, nikamwambia nilichofanya, pamoja na ripoti. Alisoma karatasi yote polepole, hadi chini kwenye muhuri.

"Mi nilizaliwa Masisi, kule Kongo," akasema. "Hata mi ningekuja siku ya tatu."

Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Sababu gani haukunipasha jana, pale pale?"

"Niliona aibu, Afande."

Nilitegemea aseme lolote la kunipunguzia mzigo, hata tusi. Yeye aliwaita vijana wake wawili akawaambia kwamba leo wakiona ikipe inatoka kusini, ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa magogo marefu, waiache ipite. Kisha akaniambia kesho kuna doria, na doria inapita pale anapotaka yeye ipite. Saa kumi na moja niwe hapo.

Jumatano, kabla ya jua, tukaondoka. Mlima ulikuwa umetulia, lakini majivu membamba yaliendelea kushuka juu ya sitaha, na askari waliyafagia kimyakimya. Nilijaribu kupanga maneno nitakayowaambia wale watu tisa. Kila sentensi niliyoitunga ilikuwa nzuri, nikaitupa.

Saa mbili kasoro robo tukaiona Kirwa, na ufukweni tukawaona wao.

Walikuwa wamesimama kwenye mstari. Wanaume tisa wamevaa suruali za kanisani na viatu, nywele zimelowanishwa zikalazwa. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na mzigo uliofungwa kamba, si mkubwa, kilo ishirini hivi, na hata nyavu walikuwa wamezipunguza, nyingine wakazikunja vizuri kando ya mitumbwi waliyoivuta nchi kavu kama karatasi ilivyoagiza. Walifika nyumbani jioni ya jana wakakuta milango iko wazi, maharage yameungulia chunguni, wake na watoto hawapo, matangi makavu. Hakuna aliyerudisha mtumbwi majini. Walikwenda kulala juu kabisa ya mwamba, mbali na bonde, na alfajiri wakashuka wakajipanga, kwa sababu karatasi ilisema siku ya tatu saa mbili.

Watu waliokaidi amri halali, hao.

Mmoja wao alikuwa ameegemea mzigo, anatapika. Kiu ilimzidi usiku akanywa maji ya ziwa yenye majivu kwenye kina kifupi. Askari wakambeba kwanza. Aliyebaki mwisho ufukweni alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, tangazo langu mkononi, limekunjwa mara nne.

"Aksanti, Afande," akasema. "Munafika mbele ya saa. Bibi yangu iko wapi? Bote beko wapi?"

"Beko Nyamyumba, bazima," Afande akajibu. "Tuliwachukua siku ya kwanza."

Huyo mfupi, ambaye ndiye Baba Espe, akakunjua karatasi, akaiangalia upya, akaingiwa na wasiwasi kwamba labda yeye ndiye aliyekosa. "Siku ya kwanza? Basi sisi hatukusoma muzuri. Mutusamehe."

Hapo ndipo nilipovunjika. "Mlisoma vizuri, baba," nikasema. "Aliyeandika vibaya ni mimi."

Akaikunja tena karatasi. Kisha akaninyooshea mzigo wake niubebe, akapanda. Nikaubeba. Ulikuwa na sufuria, nguo za mtoto, na kiatu kimoja cha Mama Espe ambacho kilisahaulika siku ya kwanza.

Njiani Afande alimwomba kila mmoja jina lake, akayaandika katika daftari la meli, upande wa abiria waliohama, akaweka sahihi na saa. Daftari la jeshi halibadilishwi na mratibu yeyote. Mimi nami, juu ya goti, niliandika ripoti mpya kwa wale wakubwa wa Mratibu. Ilikuwa na mistari minne, na jina langu chini yake. Hakuna aliyekaidi. Aliyekosea ni mwandishi wa tangazo. Ni maandishi mabaya kuliko yote niliyowahi kuandika, na ndiyo pekee ninayotaka mnikumbuke nayo.

Saa nne na nusu tukafika Nyamyumba. Kisiwa kizima kilikuwa bandarini. Mgonjwa akapelekwa kituo cha afya akiwa bado anaweza kutukana, na Espe akaruka kutoka kwa mama yake akamkwea babake hadi shingoni. Watu walilia, wakacheka, bibi wa jiwe la kusagia akapiga vigelegele. Nikafikiri naweza kupenya katikati yao nikatafute pikipiki yangu.

"We Mwalimu," Mama Espe akaita. "Kuja hapa."

Nikaenda. Watu wakatupisha, wakatuzunguka.

"Bon. Utaandika tena karatasi kwa batu ba hapa?"

"Sijui, mama. Labda."

"Basi usome kwanza. Siku za juma, anza."

Nilitazama huku na huku. Afande alikuwa ameegemea chuma cha meli, mikono kifuani, anasubiri kama wengine. Kati ya watu niliwaona wanafunzi wangu wawili waliotoroka shule kuja kutazama, na ninawajua, mmoja nilimkata alama mwezi uliopita.

"Siku ya kwanza," nikasema.

"Sauti."

"Siku ya kwanza. Siku ya pili."

Watoto walikuwa wanacheka waziwazi. Mama Espe hakucheka. Alikuwa amemshika mumewe kwenye mkono wa shati, kwa nguvu, kama mtu anayeogopa atachukuliwa tena.

"Na siku ya tatu," akauliza, "ni gani?"

"Siku ya tatu," nikasema, "ni leo."